Asali ya Posa Ilivyonisema Hirbadaw

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa mchumba wangu, walio hai pamoja na mmoja aliyekufa. Ndiyo, mmesoma vizuri. Marehemu naye alikuwepo. Na kwa maelezo ya mjane wake, yeye ndiye aliyenichoma.

Naandika nikiwa nimekalia tako moja. Paja la kulia limepakwa asali. (Hiyo asali nayo ina habari yake. Tulieni.)

Kwa wachache humu kwenye kundi wasionijua vizuri: mimi ni Baha, mtoto wa Mbulu niliyeondoka na begi la kuazima, nikarudi na diploma ya umeme, gari langu mwenyewe na miwani ya jua yenye kasha lake. Hakuna aliyenishika mkono. Dubai nimefunga viyoyozi kwenye maghorofa ambayo ukichungulia chini unaona mgongo wa ndege. Sasa nimerudi nyumbani, na nyumba ikiwa na shoti hapa Mbulu, watu wanajua wa kumwita.

Huko Dubai ndiko nilikojifunza sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu. Wengine wananunua za kutupa. Mimi ni fundi bwana! Yangu ni ya kujitengenezea: bomba la shaba, betri ndani, kitufe kwa chini, na juu kuna kichwa ambacho unakisukia koili ya waya kwa mkono wako, unapitisha pamba, unatia juisi yake ya ladha, unavuta mvuke. Haina kompyuta ya kuizima ikipata joto. Ni betri, kitufe na waya, basi. Usalama wake ni mimi. (Ikumbukeni sentensi hiyo.)

Leo ilikuwa siku ya kupeleka posa. Mchumba wangu Paulina anafundisha shule ya msingi huku kwetu, lakini kwao ni Hirbadaw, kule Hanang, Wabarbaig, wafugaji wa ng'ombe. Baba yake, Mzee Gidamis, alitoa sharti moja tu tangu mwanzo: binti yake haendi kwa mvuta sigara. Baba mzazi wa Gidamis alikuwa mrina asali, akavuta tumbaku mpaka kifua kikamwondoa duniani. Mjomba wangu Boay, ambaye ndiye mshenga, alimjibu kwa niaba yangu: "Huyu havuti."

Na kweli sivuti. Mvuke siyo moshi. Nina diploma.

Asubuhi Mbulu ilikuwa imemezwa na ukungu. Ule ukungu wetu ambao ukinyoosha mkono unaona vidole vyako vinaondoka. Nikajificha nyuma ya nyumba nivute kidogo nitulize moyo. Loo! Ladha ya godoro linaloungua. Nikakohoa mpaka kuku wakatoka bandani.

Fundi wa kawaida angetupa. Mimi nikaifungua palepale juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pamba ilikuwa nyeusi katikati. Koili ilikuwa imevaa ukoko kama wa chini ya sufuria, maana juisi yangu ya mwisho ilikuwa na sukari nyingi, na sukari ikipata moto haiondoki, inajenga nyumba. Nikatoa pamba yote. Nikabonyeza kitufe ili koili iwake kavu, ukoko uungue wenyewe. Hapo ndipo iliponitisha mara ya kwanza. Haikuwaka yote. Ulijitokeza mzunguko mmoja tu wa waya, upande wa kushoto, mwekundu, ukinikodolea macho kwenye ukungu kama jicho la mtu aliyeamshwa.

Nikaachia kitufe. Jicho likabaki wazi kidogo, halafu likafumba taratibu.

Nikajiambia: hiyo ni kawaida, waya umebanana vibaya. Nikaukwangua kwa sindano, nikabana mizunguko kwa kibano, nikabonyeza tena kwa muda mfupi mfupi mpaka ikawaka sawasawa kuanzia katikati. Nikaipima kwa mita, iko vizuri. Nikaisuuza, nikapitisha pamba mpya ya duka la dawa, isiyobana wala kulegea. Kazi safi! Shida ikawa moja. Juisi imekwisha. Nikatia glisirini tupu, ile ile ya kupaka mikononi. Nikavuta. Mvuke mwingi, ladha hakuna. Ni kama kunywa picha ya chai.

Wakati huo mama alikuwa anafunga kibuyu cha asali ya posa. Asali yenyewe ilitoka Yaeda Chini, nyeusi, nzito, yenye harufu ya maua na moshi. Akaziba mdomo wa kibuyu na kuufunga kwa nyasi mbichi, akitamka baraka chini kwa chini. Nyasi hizo hafungui mtu mpaka baba wa binti azifungue kwa mkono wake.

"Umesikia, Diploma?" mjomba Boay akaniambia. (Ndiyo jina alilonipa. Analitamka kama ugonjwa.) "Asali ya posa ikiguswa njiani, inasema yenyewe."

"Inasemaje, mjomba? Ina mdomo?"

"Iguse uone."

Tukaondoka. Mimi naendesha, mjomba pembeni, kibuyu kimefungwa mkanda kiti cha nyuma kama abiria. Mbele ya Dongobesh ukungu ulikuwa haujaachia bado. Mjomba akasema nisimame, ana haja. Akashuka, akapiga hatua chache, akayeyuka.

Nikabaki mimi na kibuyu.

Jamani, msinihukumu. Posa si mchezo, na ile glisirini haina ladha. Nikajiambia tone tu. Nikafungua nyasi polepole. Nikachukua bomba langu la sindano la kujazia juisi, nikavuta asali kidogo sana, nikaitia kwenye koili. Ilikuwa nzito, ikateremka ovyo, nyingine ikachuruzika mpaka chini kwenye kitufe. Nikafuta na kitambaa. Nikafunga nyasi tena, vizuri kabisa, kazi ya fundi.

Ndipo nikasikia mtu anavuta pumzi nyuma ya sikio langu.

Kwa nguvu. Kwa pua. Hhhuuuf!

Nikageuka. Dirishani kulikuwa na kichwa cha ng'ombe, mweupe, pembe moja imeinama, ananitazama mimi, anatazama kibuyu, ananitazama tena. Kengele shingoni, lakini hailii. Hakuna mchungaji. Hakuna ng'ombe mwingine.

"Nenda zako," nikamwambia. Hakwenda.

Nikafumba macho, nikavuta mvuke wangu. Ee Mungu wangu! Utamu! Ilikuwa kama mtu ameyeyusha mzinga mzima kifuani mwangu. Nikafumbua macho. Mjomba amesimama dirishani, pale pale alipokuwa ng'ombe. Nikalisukumia lile bomba la shaba mfukoni kabla sijamaliza kuogopa.

"Unaongea na nani?"

"Na ng'ombe, mjomba."

"Ng'ombe yupi?"

Nikachungulia. Barabara nyeupe, nyasi nyeupe, kimya. Hata kwato hazikuacha alama. (Sawa, barabara ya mawe haishiki kwato. Nilikuwa najiambia hivyo mpaka tunafika.)

Mjomba akaingia, akanusa. "Gari lako linanukia asali."

"Kibuyu hicho."

"Kibuyu kimefungwa."

Nikaongeza sauti ya redio. Redio ilikuwa inakwaruza tu.

Tulipoteremka kwenye tambarare, ukungu ukaishia ghafla kama pazia. Jua, upepo, vumbi, na mlima Hanang umesimama peke yake kule mbali. Bomani kwa Mzee Gidamis tulipokewa kwa heshima zote. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Shikamoo bibi." Bibi, mjane wa yule mrina asali, alinishika mkono akaugeuza, akautazama ndani kama mtu anayesoma bili ya umeme. Akauachia. Ndani ya boma, karibu na nyumba, kulikuwa na kichuguu kikubwa cha udongo kilichosiribwa vizuri. Ndipo babu alipolala. Wazee wanaoheshimiwa huzikwa hivyo kule, hawapelekwi mbali na watu wao.

Nyumba yenyewe mlango mfupi, unaingia umeinama. Ndani giza, isipokuwa mshale mmoja wa jua kutoka mlangoni. Macho yangu yalipozoea nikaona viti vya kukunja vya wageni, na katikati yake kigoda kimoja kikuukuu cha miguu mitatu. Nikataka kukikalia.

"Hicho kina mtu," bibi akasema.

Nikaangalia. Hakikuwa na mtu.

"Cha baba," Mzee Gidamis akanieleza kwa upole. "Kabla hajafa alisema siku ya posa ya Paulina atakuja. Mama anamsubiri."

Wakanikalisha jirani na kigoda hicho. Kushoto, mimi. Kulia, kwenye kigoda, hakuna mtu. Kibuyu cha asali kikawekwa mbele yetu.

Mjomba Boay akaanza maneno ya posa. Huyo mzee akianza kuzungumza anazungumza: tumeona ndama mzuri kwenye boma hili, tumekuja na kamba, na mambo kama hayo. Mimi kila bibi akitikisa kichwa, nainama mbele kwa adabu, viwiko magotini, kama nilivyofundishwa.

Nilipoinama mara ya kwanza, nikasikia. Sssss.

Sauti ndogo sana, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ilitoka upande wa kile kigoda.

Mjomba akanyamaza katikati ya ndama.

Nikakaa wima. Sauti ikakoma.

"Endelea," Mzee Gidamis akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Mjomba akaendelea. Bibi akatikisa kichwa. Nikainama. Sssss. Safari hii ikafuatiwa na harufu. Asali. Asali ya moto, tamu, inayojaza nyumba yote, na kibuyu kiko pale mbele yetu kimefungwa nyasi.

Wenzangu, mimi ni mtu wa sayansi. Lakini niliwaza jambo moja tu: asali inasema!

"Nyamazeni," bibi akasema. "Anapumua."

Kisha ule mshale wa jua ukaonyesha kitu. Mvuke mweupe, mwembamba, ulikuwa unapanda kati yangu na kigoda. Ulipanda, ukajikunja, ukakaa juu ya kile kigoda kama mtu anayejaribu kama bado kinamtosha.

Bibi hakuogopa hata kidogo. Akajisogeza mbele, akazungumza kwa sauti ya mtu aliyemsubiri mwenzake sokoni.

"Umechelewa, mzee wangu."

Nikainama kwa hofu. Sssss.

"Njia ndefu, najua." Akajifuta jicho kwa ncha ya shuka lake. "Kijana wa Paulina huyu hapa. Tazama. Kama humtaki, nyamaza. Kama anafaa, pumua."

Kimya. Mjomba alinishika goti kwa kucha zake zote. Nikafikiria Paulina aliyekuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa, nikafikiria kukataliwa na mtu ambaye huwezi hata kumkatia rufaa. Nikainama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

Ssssssss!

"Amekubali," Mzee Gidamis akanong'ona, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nilitaka kulia na mimi. Ni hapo hapo nikahisi joto pajani.

Kwanza uvuguvugu. Nikadhani ni baraka. Kisha likawa joto la pasi. Na hapo, ndugu zangu, diploma yangu yote ikarudi kichwani kwa mkupuo. Asali iliyochuruzika kwenye kitufe. Asali inapopoa inaganda. Kitufe kinanata. Kila nikiinama, suruali inakibana, koili inawaka. Marehemu alikuwa mfukoni mwangu!

Sasa niambieni mngefanya nini. Nikiitoa, Mzee Gidamis anaona navuta, na bibi anaona mume wake hakuja. Nisipoitoa, naungua. Nilikuwa nimeshakubaliwa! Na shahidi wa kukubaliwa kwangu alikuwa koili.

Nikaamua kuungua.

Nikakaa wima kama mlingoti, nikitabasamu. Sauti haikukoma. Kitufe kilikuwa kimekwama kabisa. Ssssss, halafu ikaanza kukoroma, krrrk, krrrk, kama kifua cha mzee.

"Kifua chake," bibi akasema kwa huzuni. "Bado kinamsumbua."

"Mama," Mzee Gidamis akasema, "maadamu bado yupo, muulize na lile lingine. Kijana anavuta?"

Mungu wangu. Nikafungua mdomo nijibu mwenyewe, lakini bibi aliniwekea kiganja usoni.

"Hujaulizwa wewe." Akakigeukia kigoda. "Mzee wangu. Huyu anavuta?"

Pamba ikakauka palepale. Najua sauti yake. Ilitoka CHAAAP! kama mafuta kwenye kikaango, wingu zito likapanda, si jeupe tena, na ile harufu tamu ikageuka kuwa ya godoro. Lile lile la asubuhi.

"Amekasirika!" mjomba akapiga kelele akakimbilia nyuma ya kiti chake. (Mshenga huyo.)

Nikaruka juu. Suruali yangu ya kitambaa, ya Dubai, ilikuwa inatoa moshi pajani. Nikaanza kurukaruka na kujipiga, nikikizunguka kigoda, na kila mtu akijua kabisa kwamba ninapigwa na mtu asiyeonekana.

"Msamehe!" Mzee Gidamis akawa anamwomba baba yake. "Msamehe, ni mgeni!"

Bibi hakuomba. Alimnyang'anya Paulina kibuyu cha maziwa na kunimwagia chote, kuanzia kiunoni kushuka.

Ikasikika fssshhh ndefu. Mfuko ukachanika. Bomba la shaba likadondoka, likaviringika taratibu kwenye sakafu ya udongo, likapita mbele ya mjomba, likapita mbele ya kibuyu cha asali, likasimama kwenye kandambili za Mzee Gidamis. Kwenye kichwa chake, ndani ya maziwa, mzunguko mmoja wa koili ulikuwa bado mwekundu. Wa kushoto. Ukafumba.

Nikajitupa chini nikatoa betri haraka. Hilo tu ndilo nililofanya vizuri leo.

Mzee Gidamis akaokota bomba, akalinusa.

"Hiki ni nini?"

"Mvuke, mzee."

"Unaingia kifuani?"

"Unaingia."

"Unatoka mweupe?"

"Ndiyo, mzee, lakini siyo moshi, kitaalamu..."

"Baba yangu alisema tumbaku yake ni dawa." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akainama juu ya kibuyu cha asali, akatazama nyasi. Akamwita mjomba kwa kidole. "Mshenga. Kwenu akina mama wanafunga hivi?"

Mjomba akaja, akatazama. Nyasi zilikuwa zimesokotwa kuelekea kulia, zimebanwa mara mbili, ncha zimekatwa sawasawa.

"Hapana," mjomba akasema. "Hili ni fundo la waya."

Kazi ya fundi.

Nilisimama pale nikichuruzika maziwa. Paulina alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au vipi. Mzee Gidamis alikuwa anatazama mlango, na mimi nilijua anautazama kwa niaba yangu. Nikasema, "Mzee, nimekosa. Nimeigusa asali, na ninavuta. Ninamtaka Paulina. Hayo ndiyo yote niliyo nayo." Bila diploma. Sikuitaja hata mara moja.

Bibi akapiga makofi mara moja, pa!

"Mmemaliza? Nilimuuliza mzee wangu kama kijana anafaa, akapumua. Nikamuuliza kama anavuta, akamchoma. Majibu yote mawili ni kweli. Sasa mnajadili nini?"

Mzee Gidamis akakuna kichwa. Kisha akaanza kucheka kidogo, kwa pua, huku akijitahidi asionekane. Hukumu ikatoka: nirudi mwezi ukiandama, na asali mpya, ikiwa imefungwa na mama na kubebwa na mama, mimi nisipewe hata kuitazama. Na hicho kifaa kinabaki. Bibi mwenyewe alikifuta maziwa kwa shuka lake, akakilaza juu ya kigoda. Kisha akachovya kidole kwenye asali yetu, akanipaka kiganjani nijipake pajani. "Ya kwako hii. Umeshaionja."

Tukatoka tumeinama. Mzee Gidamis mbele, mjomba akifuata, mimi nyuma, betri nimeikamata mkononi. Nilipokuwa katikati ya mlango, nyuma yangu, ndani ya giza, upande wa kigoda:

Sssss.

Mjomba akasimama. Mimi nikasimama. Mzee Gidamis, nje, akavua kofia.

"Nendeni tu," bibi akasema ndani. "Anaaga."

Nimefika Mbulu. Betri hii hapa mezani, naitazama. Paulina ameniandikia: "Bibi anasema babu anaomba asali ya safari ijayo isiungue."

Naombeni msicheke. Na kama kuna fundi humu anayejua koili inawezaje kupumua bila betri, aniambie leo leo, maana diploma yangu imeishia kwenye maziwa.